Barua kwa mwanangu: dazeni au nusu dazeni?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka. Unasema wewe na mkwe wangu mmebishana. Yeye anataka nguo za watoto zinunuliwe dazeni, wewe unasema nusu dazeni inatosha kwa sababu mfuko wenyewe mnaujua ulivyo, na kwa kuwa baba yenu ni fundi cherehani, basi niamue mimi. Halafu mwishoni, kama neno la kupitisha tu, ukaongeza kwamba kabati limejaa na bado kila asubuhi hamwoni cha kumvisha mtoto. Hapo ndipo niliposimama.

Kwanza nikuungamie. Nimeshona nguo za watoto kwa zaidi ya miaka 30, na kwa muda mrefu sikujua mtoto anahitaji nguo ngapi. Fundi hajui hilo. Anayelijua ni anayefua. Dada yako alipozaliwa nilimshonea kwa sifa: kila kipande cha kitambaa kilichobaki mezani nilikigeuza gauni, blauzi au kaptura. Alipofikisha miaka miwili zilikuwa zimepita 30. Mama yako alizikunja, akazipanga, akanyamaza. Kisha akaenda kumuuguza bibi yako siku 10, akaniachia nyumba na mtoto. Wewe ulikuwa hujazaliwa bado.

Siku ya nne nikagundua kwamba nafua nguo zilezile 7. Zilizobaki kila moja ilikuwa na kesi yake. Hii shingo ilikuwa ndogo, mtoto akilia kila ninapomvisha. Ile ilikuwa na vifungo vidogo mgongoni, na mtoto wa miaka miwili hakusubiri umfunge vifungo 5. Nyingine ilikuwa na lesi niliyoogopa kuisugua. Nyingine ilikuwa imeshakuwa fupi, wala sikuwa nimeona. Siku ya tano ikashika mvua, haikuachia kwa siku tatu. Kamba ikajaa nguo zisizokauka, kabati likajaa nguo zisizovalika, na dada yako akashinda ndani ya shati langu, mikono nimeikunja mara nne. Yeye alifurahi sana. Mimi nilikaa pale mlangoni na kuanza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mapema.

Hesabu yenyewe ni hii. Usianzie dukani, anzia kwenye beseni. Mtoto anabadilishwa mara ngapi kwa siku? Mnafua kila baada ya siku ngapi? Nguo ikianikwa inachukua muda gani kukauka? Jumlisha siku za kungoja kufua na siku za kukauka, zidisha kwa mara anazobadilishwa, kisha ongeza mbili au tatu za dharura. Basi. Aliye na mashine ya kufulia na jua la uhakika atapata namba ndogo. Anayefua kwa mkono mwisho wa wiki tu atapata kubwa, na hiyo si anasa, ni kwamba kamba yake inachelewa kuzirudisha.

Sasa chukua watoto wenu. Umeniambia mdogo anabadilishwa mara tatu kwa siku, mnafua kila baada ya siku mbili, na nguo inakauka ndani ya siku moja. Siku mbili na moja ni tatu, mara tatu ni 9, weka na 3 za dharura: 12. Mkwe wangu yuko sawa, ni dazeni. Njoo kwa mkubwa, huyu wa miaka mitatu. Blauzi zake mbili kwa siku, siku tatu, ni 6, na ukiongeza mbili ni 8. Ukimzuia kuchezea maji jioni zitakuwa nusu dazeni na ushee. Na wewe uko sawa, karibu. Mmebishana usiku kucha kila mmoja akimfikiria mtoto wake.

Lakini namba moja haitoshi, maana sehemu ya juu na sehemu ya chini hazichafuki kwa mwendo mmoja. Mtoto mchanga huchafua juu: maziwa yanarudi, mate yanatiririka, shingo inalowa. Kwake bibu 4 au 5 zinaokoa nguo nyingi, kwa sababu bibu ni ndogo, inasuuzwa palepale na kukauka haraka. Mvueni tu anapolala, chochote kinachozunguka shingo si cha kulalia. Mtoto anayejifunza kuacha nepi ni kinyume chake. Blauzi inabaki safi mpaka jioni huku kaptura ya tatu ikiwa imeshaingia kwenye maji. Watu wengi hununua seti, juu na chini, moja kwa moja, wakamaliza na blauzi 10 safi na kaptura zote zimelowa. Kwa huyo mkubwa wenu nunua za chini nyingi kuliko za juu kwa miezi hii, zenye lastiki kiunoni ili aivue mwenyewe kabla hajachelewa, na chupi 10 hivi. Akishakizoea choo, usiongeze tena.

Nepi za kitambaa, kama mnazitumia, zina hesabu yake peke yake. Mchanga anaweza kumaliza 10 au 12 kwa siku moja. Mkifua kila siku ya pili na kungoja siku moja zikauke, 36 ndizo zinazowapa pumzi. Hapo msibane matumizi.

Kuna jambo lingine ambalo tepu yangu imenifundisha. Mtoto huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50, na akitimiza mwaka anakaribia 75. Mwaka wa pili anaongeza kama 12, na baada ya hapo, mpaka umri wa kwenda shule, ni 6 hadi 8 kwa mwaka. Maana yake ni nini kwenye mfuko wako? Nguo ya mwezi wa kwanza ataivaa wiki chache tu, ya miezi 6 ataivaa kama miezi mitatu, lakini kaptura ya mtoto wa miaka mitatu inaweza kufika mwaka. Kwa hiyo za mchanga zote ziwe za kuazima, za kurithi, za mitumba, chochote kilicho safi na laini. Fedha ya nguo mpya, ikiwepo, iende kwa mkubwa, na hasa kwa nguo za chini, kwa sababu magoti ndiyo yanayokula kitambaa. Nyumba nyingi nilizoshonea zinafanya kinyume: mtoto wa kwanza mchanga anavishwa kama mwali, na anapoanza kutambaa na kukimbia fedha imekwisha.

Wala usinunue mbele sana. Koti la baridi mnaloliona leo kwa bei nzuri, lenye kumfaa mdogo wakati huu, baridi ijayo litamfika tumboni. Na ukinunua kubwa kwa kukisia, huenda likamtosha katikati ya joto. Ukubwa mmoja mbele unatosha, tena kwa vitu vinavyosamehe: fulana, suruali za lastiki, masweta ya kukunja mikono.

Lebo ya shingoni usiiamini. Inaandika miezi, na miezi haivai nguo. Mpime mtoto. Na kabla ya chochote angalia shingo ya nguo. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzunguko wa karibu sentimita 46, na cha mtu mzima hakizidi hapo kwa mengi, 55 au 57 hivi. Mwili ni mdogo lakini kichwa kimeshakaribia kufika. Ndiyo maana nguo nyingi zinazokaa kabatini bila kuvaliwa zimekwama hapo: kifua kinatosha, mikono inatosha, kichwa hakipiti. Chukua fulana, ivute shingo kwa mikono miwili. Kama hainyumbuki na haina vifungo vya begani, iache palepale hata kama ni ya bure. Ikiwa na vifungo, vuta kila kimoja kwa nguvu, kwa sababu kikichomoka kitaishia mdomoni. Na kamba za shingoni au za kofia nazichomoa zote, siulizi mtu.

Za mitumba na za kurithi zipokeeni bila aibu, ila zichagueni. Mimi huangalia mahali panne: goti, kwapa, makalio na lastiki. Lastiki inyooshe karibu na sikio. Ikitoa mlio wa kukatika kwa ndani, imekufa, ingawa kubadilisha lastiki ni kazi ya dakika 10 na usikatae suruali nzuri kwa hilo. Doa la maziwa au damu likishapigwa maji ya moto ni gumu kutoka, kwa hiyo nyumbani kwenu maji ya baridi yatangulie siku zote. Doa la manjano la mtoto mchanga lifueni kisha lianikeni juani likiwa bado bichi. Jua litalififisha lenyewe.

Rangi nayo ni bajeti, usicheke. Kaptura na suruali zote ziwe za rangi za giza zinazokubali blauzi yoyote. Chini 4 na juu 6, zikikubaliana zote, ni mavazi 24. Seti 6 zisizochanganyika ni mavazi 6, na doa moja likiharibu blauzi, kaptura yake inabaki mjane. Soksi ziwe za rangi moja, zote. Moja ikipotea, hujapoteza jozi.

Viatu sitavisemea sana. Jozi mbili zinatosha, ya wazi na ya kufunika, na mpimeni mguu kila miezi miwili au mitatu, abaki na nafasi ya kama sentimita moja mbele ya kidole. Watoto hawasemi kiatu kinapobana, wanakivua tu.

Turudi kwenye kabati lililojaa. Fanya hivi wiki mbili zijazo: leo sogeza nguo zote upande wa kushoto, kisha kila inayotoka kambani irudishwe upande wa kulia wa kabati. Usiongeze wala kupunguza kitu. Baada ya siku 14, angalia upande wa kushoto. Zilizobaki hapo ndizo zinazowadanganya kila asubuhi. Zitoe moja moja ujiulize kwa nini. Fupi? Gauni lililofupika mara nyingi bado linatosha mabegani, kwa sababu mtoto wa umri huo hurefuka haraka kuliko anavyopanuka, kwa hiyo mvishe juu ya suruali, ni blauzi. Suruali iliyopanda ikate, ni kaptura. Ndefu mno? Ingiza pindo ndani na upige bandi kwa mkono, mishono mirefu. Usiikate kamwe. Akikua unafumua. Mimi suruali zako nilikuwa nikiziachia pindo la sentimita 5, na kila mwaka ulikuwa unatembea na mstari mmoja wa rangi ya zamani kwenye kifundo. Hukuwahi kuuliza ni wa nini.

Nguo ya sherehe moja kwa kila mtoto, na mvalisheni hata siku zisizo na sherehe. Gauni zuri kuliko yote niliyomshonea dada yako alilivaa mara tatu. Lilikuwa limetunzwa. Mpaka leo nikilikumbuka naona hasara, si fedha, ila zile siku tatu nilizokaa nalo kwenye mashine wakati mtoto mwenyewe alitaka kaptura yake moja ya kijani, akiisubiri chini ya kamba ikauke.

Najua kuna kitu hukukiandika. Unaogopa watoto waonekane wanarudia nguo, watu waseme. Na warudie. Mtoto wa miaka mitatu hajui kurudia ni nini, yeye anajua inayowasha na isiyowasha. Mkwe wangu ndiye atakayesemwa zaidi yako, kwa hiyo ukiwa mbele za watu litetee beseni lake, na nyumbani lishike mara moja kwa wiki. Ukifua wewe utaona hoja yake ya dazeni inavyoanza kukuingia.

Mwisho wa mwezi nitakuwa na vipande vya pamba vimebaki, vya rangi ya udongo na bluu iliyokolea. Nitumieni vipimo vya wote wawili: bega hadi kifundo, kiuno, urefu wa mkono na mzunguko wa kichwa, kwa sentimita. Umri msiniandikie, naujua. Na kabla hamjagawa hizo za upande wa kushoto, niwekeeni kwenye mfuko nizione kwanza. Najua humo kuna viraka vya magoti vya mwaka mzima.

Baba yako