Mwanangu, Mwekezaji Mwache Kwanza: Nilivyokuza Kampuni ya Kufundisha Kiswahili Nikiwa Dodoma

Juzi kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tumetengeneza programu ya simu ya kuwafundisha wageni Kiswahili. Watu wanapakua, ila hela haionekani. Tumeambiwa tutafute mwekezaji. Unatushauri nini?" Si wa kwanza kuniuliza, na najua wapo wengine wanaolala na swali hilohilo. Kwa hiyo namjibu hapa, wote msome.

Marahaba, mwanangu. Mwekezaji mwacheni kwanza. Mtafute mgeni ambaye kutojua Kiswahili kunamlia hela kila siku anayoingia kazini. Mfundisheni huyo, na mfundisheni maneno ya kazi yake. Kampuni yangu imekua kwa njia hiyo, na jambo hili nitalirudia mpaka mnichoke.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, na jioni nilifundisha wageni: wamisionari, madaktari wa kujitolea, na mara mojamoja mtafiti aliyekuja kuwauliza Wagogo habari za ng'ombe na ukame. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, mji ulianza kufuka vumbi la ujenzi. Mtumba kukapimwa viwanja vya wizara. Reli ya kisasa ikaanza, na kipande cha Morogoro hadi Makutupora kikachukuliwa na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi. Ghafla sokoni Majengo unakutana na Mturuki anaonyesha kitunguu kwa kidole, na Mchina anahesabu noti bila kuelewana na muuzaji. Mpwa wangu alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta na hana ajira. Akasema, shangazi, haya masomo yako tuyaweke kwenye simu. Nikakopa kwenye kikoba tukaanza.

Hatujatulia vizuri, mwaka 2017 Duolingo, programu ya simu ya kufundisha lugha, nayo ikaleta somo la Kiswahili, tena bure. Simu zikaanza kuingia: "Mwalimu, ndiyo basi tena." Niliwaelewa, maana hilo si duka la mtaani. Duolingo ilianzishwa mwaka 2011 kule Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker wa Uswisi. Wazo lao la kwanza la kupata fedha lilikuwa wanafunzi wajifunze huku wakitafsiri maandiko ya wateja, na CNN na BuzzFeed walikuwa miongoni mwa wateja hao. Wazo hilo wakaliweka kando, na kuanzia mwaka 2017 wakategemea matangazo na wanafunzi wanaolipia. Julai 2021 wakauza hisa kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani, kwa dola 102 kila moja.

Vijana wengi mkiisoma hadithi hiyo mnaona zile dola 102 tu. Mimi naiona ile miaka tangu 2011 hadi 2017, kampuni inaishi kwa fedha za wawekezaji wakati inatafuta namna ya kujilipa. Von Ahn alikuwa tayari ameiuzia Google kampuni yake ya reCAPTCHA, ile ya kuhakikisha anayetumia tovuti ni mtu na si mashine, mwaka 2009, kwa hiyo mlango akigonga unafunguliwa. Wewe wa Nkuhungu unayedaiwa kodi ya chumba huna miaka hiyo. Unahitaji mtu alipe mwezi huu.

Aliyetulipa sisi alikuwa mhandisi wa ujenzi, upande wa Ihumwa. Alikuja na daftari lenye salamu na namna ya kuulizia bei ya nyanya, mambo ambayo kila programu inaanza nayo. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba hana muda wa nyanya, ana zege linamgandia. Mkalimani wake akichelewa, kundi zima la mafundi linakaa.

Nikaenda saiti. Nikakaa karibu na msimamizi wa mafundi na kuandika kila alichosema tangu asubuhi: ongeza maji, punguza kokoto, zege limekauka, nondo zimefika, maji yamekwisha, shuka chini, vaa kofia, nani kachukua koleo? Hayo ndiyo yakawa somo la kwanza. Sikumwambia habari za ngeli. Alisikia "zege limekauka" na "nondo zimefika" mara nyingi mpaka mdomo wake wenyewe ukakataa kusema "zege zimekauka". Sarufi nikaileta baadaye, alipoanza kuuliza kwa nini.

Sauti tulirekodia chumbani kwangu, magodoro yameegemezwa ukutani, usiku bodaboda zikishapungua. Miezi ya upepo hapa kwetu, Juni hadi Agosti, bati linapiga kelele mpaka unaahirisha. Nilikataa sauti za watangazaji. Nilitaka fundi mwenyewe, kwa kasi yake, anavyomeza maneno, kwa sababu huyo ndiye ambaye mgeni atamsikia kesho. Na kila aliyerekodi nilimlipa na tukaandikishana. Duolingo yenyewe ilijenga masomo mengi, likiwemo la Kiswahili, kwa watu wa kujitolea, na mwaka 2021 ikauacha utaratibu huo. Kama kampuni ya ukubwa ule iliachana nao, nyie msianze kwa kumnyonya mwalimu wa watu.

Yule mhandisi alipoanza kusimama mwenyewe mbele ya mafundi, mwajiri wake alilipia wenzake. Kambi moja ikaiambia nyingine. Hatukuwa na tangazo hata moja.

Wakati huohuo tulialikwa Dar es Salaam kwenye shindano la wabunifu. Jaji mmoja akauliza tuna wapakuaji wangapi. Nikamjibu tuna wanaolipa. Akasema, "Mama, hii ni programu au ni tuisheni?" Ukumbi ukacheka. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, na mimi mpaka leo nikiikumbuka ile sauti kifua kinabana. Walioshinda siku ile walikuwa na picha nzuri na idadi kubwa ya wapakuaji. Sasa hivi ukiitafuta programu yao huipati. Yetu ipo, na mwezi uliopita hospitali tunayoihudumia imeongeza mkataba.

Hiyo hospitali nayo ilifuata njia ileile. Daktari mgeni hahitaji kujua simba na twiga. Anahitaji kuuliza: maumivu ni ya kuchoma au ya kukata? Yalianza lini? Umekunywa dawa yoyote kabla ya kuja, hata za kienyeji? Halafu aelewe jibu la bibi kutoka Chamwino ambaye Kiswahili chake kimekaa juu ya Kigogo. Tulikwenda kurekodi akina bibi wenyewe, na manesi wakatusahihisha mpaka tukaombana radhi.

Mambo mengine ni ya kawaida. Google Play usajili ni dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Mwanafunzi akilipia ndani ya programu, Google inachukua asilimia 15 ya dola milioni moja za kwanza za mwaka, lakini taasisi ikilipa kwa ankara, hela inaingia benki kwenu, nanyi mnatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Masomo yapakuliwe yote yakae kwenye simu, maana mtandao porini unakatika. Na someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mnashika majina na sauti za watu.

Vijana wangu, acheni kuhesabu wapakuaji. Kupakua ni bure, na mtu anafuta kabla jua halijazama. Acheni kuzunguka na shati la kola kwenye makongamano wakati mteja wenu amesimama kwenye vumbi la Msalato anatafuta mkalimani. Mnasema Dodoma hakuna soko! Mji mkuu wa nchi umehamia miguuni penu na mnataka kupanda treni kufuata soko Dar?

Jumatatu nendeni saiti moja na hospitali moja, mbebe daftari, kompyuta ibaki nyumbani. Ulizeni nani anatumia mkalimani kila siku na huyo mkalimani analipwa kiasi gani kwa mwezi. Kiasi hicho kigawanyeni kwa idadi ya wageni anaowahudumia, bei yenu kwa kila mgeni ianzie chini ya hapo, na malipo ya miezi mitatu yatangulie kabla hamjarekodi sentensi ya kwanza.