Megawati zipo Rufiji, jikoni hazijafika

Mhariri, wiki hii mmeuliza wasomaji: “Tanzania sasa inaweza kuzalisha umeme mwingi kuliko inavyoutumia. Mbona kwako bado unakatika, na wewe unautumia kwa kazi gani?” Mimi ni fundi umeme wa majumbani, kazi zangu ziko Morogoro mjini na vijiji vya jirani. Jibu langu ni kwamba umeme tunaoukosa jioni haukosekani bwawani. Unakwama njiani, na mara nyingi unakwama kwenye kipande kifupi cha mwisho, kati ya transfoma ya mtaa na mita ya mteja. Kipande hicho nitakieleza kwa kirefu, maana wanaokizungumzia ni wachache mno.

Lakini kwanza uzalishaji. Kwa miaka mingi tuliishi kwa kutazama mawingu. Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu iliyoanza 1975 na baadaye ikafikia megawati 204, Mtera, Kihansi yenye megawati 180: vyote ni vituo vya maji, na mvua ikigoma ratiba ya mgawo ilibandikwa. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutumika 2004, ilitupunguzia tabu sana, na baadaye mitambo ya Kinyerezi ikaongeza nguvu. Hata hivyo mwishoni mwa 2022 mgawo ulirudi, na Septemba 2023 pengo lilikuwa karibu megawati 400. Wenye saluni, wachomeleaji na wenye mashine za kukoboa mnakumbuka miezi ile, sina haja ya kuwasimulia.

Ndipo likaja Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji. Lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Mashine ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024, na ya mwisho Aprili 2025. Wakati huo mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima, ile saa ya jioni ambayo kila mtu kawasha taa, yalikuwa karibu megawati 1,900, huku mitambo yote tuliyonayo ikifikia takriban megawati 4,000. Kwa hesabu hiyo bwawa moja linaweza kubeba nchi yote na chenji ikabaki. Mwaka 2024 TANESCO yenyewe ilieleza kuwa ilizima mitambo katika baadhi ya vituo vya maji kwa sababu uzalishaji ulikuwa umezidi mahitaji. Mtu aliyelala gizani siku hiyo ana haki ya kuuliza imekuwaje.

Imekuwa hivi. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii hii, na lazima upate njia ya kupita. Njia zetu zilijengwa kwa nchi ndogo kuliko hii tuliyonayo leo. Nchi ni kama nyumba iliyofungiwa simtanki kubwa juu ya mnara, huku mpira unaoshuka bafuni ni ule ule mwembamba wa zamani.

Mfano mzuri ni kaskazini. Machi 2025 Rais Samia alipokuwa Kilimanjaro alisema mikoa ya kaskazini ingenunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu kuusafirisha kutoka kusini hadi huko kunatupotezea takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu wengi walipiga kelele: tumejenga bwawa halafu tunanunua kwa jirani? Naielewa hasira yao, maana fedha zilizojenga bwawa, shilingi trilioni 6.5, zilitoka mifukoni mwetu. Ila kwa upande wa ufundi hoja ile ina uzito. Waya wowote unaopitisha umeme hupata joto, na joto hilo ni umeme unaopotea. Ukiongeza mkondo mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Dawa ni kupandisha volti ili mkondo upungue, ndiyo maana laini ya kutoka bwawani hadi Chalinze ni ya kilovolti 400. Lakini laini ya zamani inayotoka Chalinze kupitia Hale hadi Kilimanjaro ni ya kilovolti 132. Ethiopia au si Ethiopia, laini ile itahitaji mwenzake mkubwa, na mimi ningependa kusikia zaidi tarehe ya kukamilika kwake kuliko malumbano ya nani anamuuzia nani. Njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kutoka Singida hadi Isinya ipo tayari. Ni jambo jema, kwa sababu siku wakielemewa tutawauzia, na siku mvua ikitunyima watatuuzia.

Sasa nishuke mtaani, kwenye kazi yangu.

Jioni moja niliitwa na mama mmoja, nyumba yake iko mwisho wa laini, ya mwisho kabla ya mashamba. Alikuwa amekwisha kusema friji limekufa. “Fundi, nimelinunua juzi tu, nirudishe dukani?” Nikaweka mita ya kupimia kwenye soketi: volti 171. Umeme wa nyumbani unatakiwa uwe 230. Friji lilikuwa linaunguruma, linajaribu kuwaka, linashindwa, linatulia, linajaribu tena. Nikamwambia, “Mama, friji ni zima. Lichomoe sasa hivi, umeme uliofika ni mdogo, utaunguza koili.” Kesho yake saa tano asubuhi nikapita tena na kupima mahali pale pale, nikapata 228. Nyumba ni ile ile na nyaya ni zile zile. Asubuhi watu wako kazini na umeme unamfikia vizuri. Saa mbili usiku wote wamerudi, mchomeleaji wa kona anamalizia geti la mteja, pasi zinapiga nguo za shule, na yeye wa mwisho anapata mabaki.

Tatizo la mama yule ni transfoma. Mtaa kama ule ulipopata umeme, ulipewa transfoma iliyotosha nyumba zilizokuwepo. Baadaye viwanja vikapimwa, nyumba zikaongezeka, kila moja ikavuta waya wake kutoka nguzo iliyo karibu, na transfoma ikabaki ile ile. Chukua ndogo ya kVA 50, yaani inayoweza kubeba kama kilowati 50, zimejaa pembezoni mwa miji. Ina fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawana wateja wa mtaa, kila fezi inabeba kama ampia 72. Kama wateja wengi wamefungwa kwenye fezi moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuifikia, hiyo inaelemewa wakati mbili nyingine zinapumua. Usiku mmoja fyuzi yake inakatika. Theluthi ya mtaa inaingia gizani, jirani wa ng'ambo ya barabara anaangalia taarifa ya habari, na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mtu anaandika: “Mgawo umerudi, wanatuficha.”

Mgawo haukai hivyo. Mgawo unazima eneo zima, fezi zote tatu kwa pamoja, na kwa kawaida una saa zake. Ukiona wewe huna na jirani anao, hiyo ni fezi au fyuzi, au ni kwako mwenyewe ndani. Ukiona taa zinawaka nyekundu na feni inazunguka kwa kujivuta, umeme upo lakini umechoka njiani. Ukiona mkoa mzima umezimika kwa mpigo, hapo ndipo pa kuuliza habari za gridi, na hata hapo si lazima kuwe na upungufu. Agosti 25, 2023 Kenya ilizimika karibu yote, mpaka sehemu ya uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ikakaa gizani, na hawakuwa na upungufu wa mitambo siku ile. Nawaeleza majirani tofauti hizi kila ninapopata nafasi, kwa sababu mtu akijua tatizo lake ni lipi, anajua pia atoe taarifa gani. Anayeripoti “umeme hakuna” anasubiri kuliko anayeripoti “fezi moja imekufa, nguzo namba fulani, nyumba za upande wa kushoto”.

Niseme na la kwetu wateja. Nyumba nyingi ninazoingia zina wayaringi iliyofungwa na mtu asiye fundi, waya mwembamba wa taa umepelekewa soketi ya pasi, na waya wa ardhini umeishia ukutani bila kufika kwenye udongo. Hata umeme ukija volti 230 kamili, nyumba kama hiyo haiwezi kuubeba. Ukiweza kununua friji, tenga fedha ya saketi breka nzuri na fundi mwenye leseni.

Nusu ya pili ya swali lenu ni matumizi, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tumevuta nyaya karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, kazi kubwa ambayo naiheshimu, nimeiona kwa macho. Kijijini mtu anaunganishwa kwa shilingi 27,000, na asiye na uwezo wa wayaringi anaweza kufungiwa UMETA, kile kiboksi chenye soketi na taa zake. Reli ya kisasa inapita hapa kwetu kwa umeme tangu 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Lakini ingia nyumba iliyounganishwa leo: taa, simu, redio, pengine televisheni. Nje, chini ya mti, sufuria ya maharage iko juu ya mkaa, tangu asubuhi. Mkaa huo umetoka misitu ya mkoa wetu huu huu, na misitu hiyo ndiyo inayoshika maji ya mito. Mto Kilombero peke yake unachangia sehemu kubwa ya maji ya Rufiji. Kwa hiyo tunakata miti inayolinda bwawa ili tupike, huku bwawa lina umeme ambao haujapata mtumiaji.

Watu wanaogopa kupikia umeme kwa sababu waliwahi kuona jiko la koili likila uniti. Hofu yao ina msingi, koili inakula kweli. Presha kuka ya umeme, ile sufuria inayojifunga na kupika kwa mvuke, ni habari nyingine. Nimeifunga kwenye mita ndogo ya kupimia nyumbani kwangu, na kilo ya maharage makavu haijafika nusu uniti, kwa sababu chombo kimefunikwa, kimezibwa joto, na kikishapata presha kinazima na kuwaka chenyewe kwa vipindi vifupi. Hata kwa bei ya juu ya mteja wa kawaida, hiyo ni chini ya shilingi 200.

Lakini tazama kinachompata mteja mdogo akifuata ushauri huu. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi. Huyu ana taa, televisheni na friji dogo, yuko kwenye uniti 50 hivi. Akianza kupika kila kitu kwa umeme, anaongeza uniti 30 hadi 45. Anavuka 75. Akizoea kuvuka, anahamishiwa kundi la shilingi 292 kwa uniti. Kwa uniti 75 alikuwa analipa 7,500. Kwa uniti 90 katika kundi jipya analipa 26,280. Ameongeza uniti 15 tu, bili imepanda zaidi ya mara tatu. Mama wa watu atafanya nini? Atairudisha presha kuka kabatini na kununua mkaa wa kupima kwenye kopo. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034, na naamini wamekusudia. Ukomo huu wa uniti 75 unakwenda kinyume na mkakati wao wenyewe. Upandisheni ufike 120, au wekeni bei ya kati kwa anayepika, hata kwa saa za mchana pekee, wakati mitambo ina nafasi.

Halafu rudini kwenye ile transfoma ya kVA 50. Presha kuka moja ni wati 1,000. Nyumba 60 zikiwasha pamoja saa kumi na mbili jioni ni kilowati 60, kabla hujahesabu taa hata moja. Transfoma imeshazidiwa. Kampeni ya majiko ikitangulia na transfoma zikifuata miaka mitano baadaye, tutakuwa tumewafundisha watu kwamba jiko la umeme ndilo linalozima mtaa.

Kwa hiyo mkiniuliza fedha inayofuata iende wapi, mimi sitaji bwawa jingine kwanza. Naomba kila mtaa uhesabiwe: transfoma ina kVA ngapi, wateja wangapi kwa kila fezi, volti ngapi nyumba ya mwisho saa mbili usiku. Kuipima nyumba ya mwisho ni kazi ya dakika chache, na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa tuyaone. Kusawazisha fezi hakuhitaji mkopo wa nje, kunahitaji gari, ngazi na mafundi wawili kwa siku moja. Transfoma zilizolemewa zibadilishwe kwa kufuata orodha hiyo, mwisho wa laini kwanza.