Vitz si gari moja: soma kodi ya modeli kabla hujatoa hela

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa yadini. Mbele yake kuna Toyota Vitz mbili, ya 2003 na ya 2008, zote za lita moja, na muuzaji anamhakikishia kwamba ni gari lilelile: injini ileile, spea zilezile, tofauti ni bodi tu. Anataka kujua achukue ipi. Hata mimi niliwahi kuandika hapa kwamba ukishaijua Vitz moja umezijua zote. Niliandika kwa kujiamini, na haikuwa kweli. Leo naifuta kauli hiyo, kwa sababu ndiyo inayoua giaboksi na kuchemsha injini za watu waliojinyima miaka ili wapate gari lao la kwanza.

Jina ni moja, magari ni matatu. Anza na kodi ya modeli, yaani herufi na namba za kulitambua gari, iliyo kwenye bamba dogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: SCP10, KSP90, NSP130 na kadhalika. Tarakimu zinakupa kizazi: kumi na kitu ni kizazi cha kwanza, tisini na kitu cha pili, 130 na kitu cha tatu. Herufi zinakupa ukoo wa injini: SCP ni injini za SZ, NCP ni NZ, KSP ni KR, NSP ni NR. Namba ikiishia na 5, kama NCP95 au NSP135, gari linavuta kwa magurudumu yote manne, na chini lina vyuma ambavyo Vitz ya kawaida haina. Kodi hiyohiyo iko kwenye cheti cha Japani kinachokuja na gari, kwa hiyo hata kama gari bado liko melini unaweza kuijua. Muuzaji asiyetaka kukutajia kodi, achana naye.

Kizazi cha kwanza kilitoka Januari 1999 kushika nafasi ya Starlet, iliyokuwa barabarani tangu 1973. Umbo lilichorwa na Mgiriki Sotiris Kovos, na Ulaya gari hilo liliuzwa kwa jina la Yaris. Likashinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1999–2000 na ile ya Ulaya ya 2000. Mwaka 2001 Toyota wakafungua kiwanda Valenciennes, Ufaransa, kwa ajili yake. Nembo ya mbele inayofanana na herufi N, ambayo huku hubanduliwa kila siku kwa kudhaniwa feki, ni ya Netz, mtandao wa maduka ya Toyota yaliyoiuza Vitz Japani. Iache ilipo.

SCP10 ina injini ya 1SZ-FE, silinda nne, cc 997. NCP10 ina 2NZ-FE ya cc 1298, na NCP13, ile RS ya kimichezo, ina 1NZ-FE ya cc 1497. Zote zinatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na hapo ndipo mafundi wengi wanapotoa ushauri mbovu: "cheni haibadilishwi, weka oili nzito injini itulie." Cheni hukazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Ukimimina 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na kwa sekunde hizo cheni inapiga kelele na kujilia yenyewe. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, nao unaendeshwa na oili hiyohiyo, kupitia kichujio cha wavu mdogo kinachozibwa na tope. Weka 5W-30, badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta. NZ huchukua lita 3.7 ukibadilisha na filta; injini za vizazi vilivyofuata, 1NR lita 3.4, 1KR kama lita 3. Fundi anayemaliza galoni nzima ya lita 4 kwenye 1KR "isipotee" anakuharibia gari. Oili ikizidi inapigwa na krankishafti, inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Kizazi cha pili kilikuja Februari 2005, na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Ekseli ya mbele na ya nyuma ziliachana kutoka milimita 2,370 hadi 2,460, na uzito ukapanda. Injini ya lita moja ikabadilika kabisa: KSP90 ina 1KR-FE iliyotengenezwa na Daihatsu, cc 996, silinda tatu. Kwa hiyo yule muuzaji anayesema 2003 na 2008 ni injini moja hajawahi kufungua boneti zote mbili. Plagi ni tatu, koili ni tatu. Koili moja ikifa umepoteza theluthi ya nguvu, na gari litatetemeka kwenye foleni kama lina homa. Mtetemo kidogo ni tabia ya silinda tatu, lakini ukiusikia hadi kwenye kiti gari likiwa D na breki imekanyagwa, mauntini za injini zimechoka.

Ya lita 1.3 ni SCP90, yenye 2SZ-FE ya cc 1296 na giaboksi ya CVT. CVT haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachouzuia mkanda usiteleze ni presha pamoja na msuguano ambao mafuta yake yametengenezwa kuutoa. Ukiweka ATF ya kawaida, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki yenye gia, iwe hata aina ya T-IV halisi iliyofaa giaboksi ya gia nne ya SCP10, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na zikishachubuka hakuna dawa ya kopo itakayozirudisha. Inaniuma kuona giaboksi nzima imekufa kwa kosa la dakika kumi. Vitz za CVT za mwanzo zinataka CVT Fluid TC, za baadaye zinataka FE. Soma kitabu cha gari. Usikubali neno "ni sawa tu".

Kubadilisha nako kuna utaratibu. Ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu ya mafuta, mengine yanabaki ndani. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hichohicho, endesha kilomita mia chache, kisha rudia. Kila kilomita 40,000 inatosha kwa foleni na joto la mijini kwetu. Ikiwa giaboksi haina kijiti cha kupimia, kina hupimwa mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo asiye na mashine ya kusoma joto hilo asiiguse. Dalili za CVT inayokwenda: gari linatikisika unapoondoka taratibu, linalia kama nyuki kwenye mwendo wa 60 hadi 80, au injini inapaa na gari halifuati.

Sasa joto. Kwenye dashibodi ya Vitz hakuna mshale wa joto. Kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu inayowaka maji yakichemka. Wengi wanaichukulia ile ya bluu kama pambo, ilhali ndiyo kipimo chako bora wakati wa kununua. Washa gari lililolala usiku kucha, endesha: dakika chache tu bluu inazimika. Ikiendelea kuwaka baada ya kilomita kadhaa, thamostati imekwama wazi au, mara nyingi zaidi huku kwetu, fundi ameing'oa "injini ipoe vizuri". Bila thamostati kompyuta inaamini injini bado ni baridi, inazidi kumwaga petroli, ulaji unapanda na oili inachafuka haraka. Na kwa nini iling'olewa? Aghalabu kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na aliyeling'olea alificha ugonjwa badala ya kuutibu.

Ugonjwa wenyewe tafuta hapa: wota pampu ya 1KR na ya 1NR ina desturi ya kuvujisha kidogokidogo. Maji hayadondoki chini. Yanakaukia hapohapo na kuacha utando wa rangi ya waridi kwenye ukingo wa pampu, kama chumvi iliyoganda. Mulika kwa tochi ya simu upande wa mkanda. Ukiuona, pampu na mkanda wake viwemo kwenye bei. Na maji ya bomba kwenye rejeta basi yakome. Injini ni ya alumini, maji yale yanaila na kuziba njia, na ikichemka mara moja tu hedi inapinda na gasketi inakwenda.

Jambo la kizazi cha pili lisilo na mjadala ni airbag. Vitz za kizazi hiki zimo kwenye magari yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya airbag za kampuni ya Takata. Kemikali inayoifumua, nitrati ya amonia, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, kisha siku ya ajali hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa. Ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yanayorudishwa, uone kama kazi ilifanyika kabla gari halijasafirishwa. Ni bure.

Kizazi cha tatu kilitoka Desemba 2010. Utakitambua kwa waipa moja tu mbele na mita zilizohamia mbele ya dereva kutoka katikati. KSP130 ilibaki na 1KR, NSP130 ikapata 1NR-FE ya lita 1.3. Mwaka 2014 uso ulibadilishwa na 1.3 ikapewa 1NR-FKE inayojizima kwenye taa za barabarani. Hiyo inataka betri iliyotengenezwa kwa kuzima na kuwasha mara nyingi, na betri ya kawaida haitadumu. Haibridi iliingia Januari 2017, na betri yake kubwa hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo tundu la hewa lililo kwenye kiti cha nyuma lisizibwe na mizigo. Februari 2020 Japani nayo ikahamia jina la Yaris. Vitz mpya inayouzwa Afrika Kusini tangu 2023 ni Suzuki Celerio yenye nembo ya Toyota, na spea zake hazihusiani na hizi.

Kwa ndugu yangu wa yadini: kati ya SCP10 ya 2003 na KSP90 ya 2008, mimi ningechukua ile ya 2008 ikiwa airbag imeshughulikiwa na taa ya bluu inazimika kwa wakati. La sivyo, SCP10 iliyotunzwa ni gari jepesi na gumu, na silinda zake nne zinatulia zaidi. Vyovyote iwavyo, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Sikiliza sekunde tatu za kwanza za cheni, kisha uangalie bluu. Ukifika ukaweka kiganja kwenye boneti ukakuta pana joto, rudi kesho asubuhi.