Kompyuta inayozimika ghafla: anza na feni

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani huko Jinja huzimika ghafla baada ya dakika 20 hivi, kisha hukataa kuwaka mpaka ipumzike. Huko kupumzika ndiko kunakonifanya nishuku joto kabla ya umeme, kwa sababu prosesa, chipu kuu inayoendesha kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue. Yangu hapa Mbale ilifanya vivyo hivyo wakati wa kiangazi. Nilipochomoa waya na kufungua kasha, nilikuta vumbi jekundu la barabarani limeganda kama blanketi kwenye kipoozeo, yaani chuma kinachoondoa joto kwenye prosesa, na feni inajikokota. Lisafishe kwa brashi laini, ukiizuia feni kwa kidole. Kompyuta ikizidi kuzimika, hasa taa za nyumbani zinapofifia, azima pawasaplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) isiyo na hitilafu ujaribu; yako ya zamani usiifungue, kwani hubaki na chaji hatari.