Injini inalia, mwendo haupandi: maswali yenu kuhusu klachi

Msimu huu barua nyingi zinatoka kwa wanaopanda milima wakiwa na mizigo, na malalamiko ni yale yale: klachi, ile inayounganisha nguvu ya injini na gurudumu, inateleza. Kabla hujatoa pesa ya pleti mpya (zile sahani nyembamba ndani ya klachi), soma jibu la kwanza mpaka mwisho. Linaweza kukuokolea mapato ya siku kadhaa.

*Nabeba abiria kutoka Kondele kwenda Riat. Nikipita Mamboleo na kuanza kupanda na abiria wawili, nikiongeza mafuta injini inalia sana lakini pikipiki haiongezi mwendo. Kwenye tambarare haina shida. Fundi ameniambia ninunue seti nzima ya pleti. Ni lazima? (Mwendeshaji, Kisumu)*

Klachi yako inateleza, hilo halina ubishi. Pleti hushikana kwa nguvu ya springi. Kwenye tambarare nguvu hiyo inatosha, lakini mlima na uzito vikiomba zaidi, pleti zinaachiana, injini inazunguka peke yake na gurudumu linabaki nyuma. Ndiyo maana ugonjwa huu hujitokeza kwanza mlimani na kwenye gia za juu. (Na sheria inakuruhusu abiria mmoja tu. Klachi yako pia.)

Lakini kuteleza si ushahidi kwamba pleti zimeisha. Anza na leva ya klachi, ile ya mkono wa kushoto. Zima injini, ivute kwa kidole kimoja, polepole sana. Mwanzoni inatakiwa isogee ikiwa legevu, ndipo ukutane na uzito wa springi. Huo ulegevu ndio mchezo wa leva, na kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20 ukipimia kwenye ncha ya leva, au milimita 2 hadi 3 ukipimia pale leva inapokutana na kishikilio chake. Kama hakuna mchezo, klachi yako imebanwa kidogo muda wote, hata usipoigusa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: pleti zikilika, mchezo huo hupungua wenyewe. Leva uliyoirekebisha vizuri miezi iliyopita inaweza kuwa imekaza leo bila mtu kuigusa.

Legeza nati ya kufungia pale kwenye leva, zungusha kirekebishi kiingie ndani hadi mchezo urudi, kisha kaza nati. Kikifika mwisho, kipo kingine upande wa injini. Halafu geuza usukani kulia na kushoto kabisa. Mchezo ukipotea usukani ukigeuzwa, kebo imepitishwa vibaya au imefupika kwa kukunjwa.

Sasa tafuta barabara tupu na ujaribu: gia ya tatu, mwendo wa wastani, fungua mafuta kwa ghafla. Injini ikipaa na mwendo ukabaki palepale ilhali leva ina mchezo, angalia mafuta ya injini. Yakiwa ndiyo yanayofaa (tazama jibu linalofuata), hapo fundi ana haki ya kufungua kifuniko. Jaribio hili lifanye mara moja tu, maana kila kuteleza kunachoma pleti zilizobaki.

*Nilibadilisha mafuta ya injini Nakuru, fundi akaniwekea ya gari kwa sababu ndiyo yalikuwepo. Wiki haikuisha klachi ikaanza kuteleza. Yanahusiana? (Msomaji, Kiamunyi)*

Yanaweza kuhusiana sana. Klachi ya gari nyingi hukaa pakavu, mbali na mafuta ya injini. Yako inaogelea ndani ya mafuta yale yale yanayolainisha injini. Mafuta mengi ya siku hizi ya gari yametiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama za mafuta yanayofaa klachi kama yako. Ukiona JASO MB, liache, hayo ni ya skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya mafuta.

Mwaga yote injini ikiwa na joto, weka yanayofaa kwa kipimo cha pikipiki yako, uendeshe siku chache bila mzigo mzito. Mara nyingine kuteleza huisha kabisa. Kusipoisha, pleti zimeshang'aa na itabidi zitoke.

*Nikisimama njiapanda, hata nikibana leva yote pikipiki inataka kusonga, na nyutro siipati mpaka nizime injini. Hii nayo ni kuteleza? (Kakamega)*

Hapana, ni kinyume chake. Klachi yako haiachii. Mara nyingi kebo imerefuka na mchezo umekuwa mkubwa mno, kwa hiyo upunguze hadi kipimo nilichotaja juu. Ila usikaze mpaka mchezo uishe. Wengi hutibu ugonjwa huu kwa kukaza, na mwezi unaofuata wananiandikia kwamba inateleza.

*Natoka Nakuru kwenda Eldoret mara kwa mara. Nikikaribia Timboroa pikipiki inakufa nguvu. Nibadilishe klachi? (Nakuru)*

Sikiliza injini. Ikilia juu bila mwendo, ni klachi. Lakini kama sauti nayo inashuka pamoja na mwendo, klachi inashika vizuri na injini ndiyo iliyochoka. Nakuru mjini uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Timboroa inapita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, kabureta inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na nguvu lazima ipungue. Shuka gia mapema. Ukisimama, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono, uhakikishe breki haijashika.

*Nina pikipiki moja, kijana ananiletea hesabu kila jioni. Mwaka huu tumebadilisha pleti mara tatu. Kijana anasema zinazouzwa ni feki, fundi anasema ni uendeshaji wa kijana. Nimwamini nani? (Mama wa Njoro)*

Mama, usimwamini yeyote kabla hujaziona pleti zilizotoka. Ni mali yako, una haki ya kuzidai. Zitandaze kwenye gazeti, mahali penye mwanga.

Kuna za aina mbili: za kahawia zenye vipande vya kushika, na za chuma tupu. Kama za kahawia zimelika sawasawa na za chuma zina madoa ya bluu, ziliungua kwa joto la kuteleza muda mrefu. Kama za kahawia bado ni nene lakini zinang'aa na ni laini ukipitisha kidole, shuku mafuta. Na kama vile vipande vimebanduka na kuacha chuma wazi, basi kijana ana hoja: gundi haikuwa nzuri, au zilifungwa zikiwa kavu. Pleti mpya hulowekwa kwenye mafuta ya injini usiku kucha kabla ya kufungwa.

Kisha muulize fundi swali moja: springi zilibadilishwa? Hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Springi zilizopata joto mara nyingi hufupika na kulegea. Ukifunga pleti mpya juu ya springi zilizochoka, mpya zitateleza na kuungua kama za zamani, na pesa yako itaungua nazo. Zibadilishwe zote kwa pamoja. Za chuma nazo zilazwe juu ya kioo, na inayoyumba ikibonyezwa pembeni isirudishwe.

Kwa upande wa kijana, mtazame anapoondoka na gunia la viazi nyuma. Vidole viwili vinavyopumzika juu ya leva safari nzima vinatosha kumaliza klachi. Vivyo hivyo kusimama kwenye mwinuko akiizuia pikipiki kwa klachi na mafuta badala ya breki, huku akibishana nauli. Mwelekeze kwa upole, tabia hiyo wengi wamefundishwa na waliowatangulia.

*Imeanza kuteleza nikiwa Chavakali na nyumbani ni Kisumu. Nifikeje? (Vihiga)*

Shusha abiria na mzigo. Hakikisha leva ina mchezo, maana huenda ukapona hapo hapo. Kama bado inateleza, tumia gia ya chini kuliko kawaida na ufungue mafuta kidogo kidogo. Kwenye gia ya chini klachi haibebi mzigo mkubwa ili kusukuma gurudumu lile lile. Kuanzia Riat ni mteremko, ila tumia breki, usibane klachi ukishuka. Ukisikia harufu ya kuungua kabla ya kufika, simama na utafute gari la kuibeba. Nauli hiyo ni ndogo kuliko pleti, springi, gasketi na kazi ya fundi kwa pamoja.