Laptopu yako ya gigabaiti 4 haijafa

Kuna msomaji kaniandikia juzi, na ujumbe wake umenikaa rohoni. Ana laptopu ndogo nyepesi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 4, diski ya eMMC (hifadhi ya bei nafuu iliyounganishwa kwenye ubao wa mashine) ya gigabaiti 32. Fundi kaitazama, kamrudishia na neno moja: tupa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai diski ya gigabaiti 64 na TPM 2.0, kipengele cha usalama ndani ya mashine. Sasa anauliza kama kweli hakuna njia.

Njia ipo. Haya ninayaandika kwenye mashine ya aina hiyohiyo, na nina haki ya kuitetea, maana nami niliambiwa neno hilo, tena mbele za watu. Tulikuwa tunawasilisha kazi, laptopu yangu ikaganda, mwenzetu mmoja akasema afadhali ningenunua kikokotoo. Wote wakaangua kicheko. Ni zamani sasa, lakini nikikumbuka kifua bado hunibana.

Shida ilikuwa nafasi. Mfumo uliokuja na mashine ulikuwa umemeza karibu diski nzima, na kila sasisho lilitaka nafasi kuliko iliyobaki. Nilifuta picha, nikafuta nyimbo, nikafuta hata programu nilizozihitaji. Wapi! Ndipo nikaamua kuhamia Linux, mfumo endeshi huria, nikaandika Debian, mojawapo ya matoleo yake, kwenye flashi, nikaichomeka. Mashine ikaipita kana kwamba haipo. Nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu, nikazima Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka), hali ni ileile.

Kumbe laptopu nyingi za bei nafuu zenye prosesa za Intel Atom za kizazi cha Bay Trail zina jambo hili: prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI yake, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo endeshi, ni ya biti 32. UEFI ya namna hiyo hutafuta faili liitwalo bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/boot. Ikikuta bootx64.efi peke yake, hata kuigusa haiigusi. Nikatafuta faili la usakinishaji la Debian lenye bootia32.efi ndani yake, na menyu ilipotokea kwenye kioo kile nilichoambiwa nikitupe, nilipiga ukelele nikaamsha nyumba nzima. Mtu asiyewahi kudharauliwa kwa sababu ya kifaa chake hawezi kuijua furaha ile.

Usakinishaji wenyewe hauna hadithi. Unajibu maswali, unasubiri. Swali moja tu ndilo la kuliangalia kwa makini: mazingira ya eneokazi, yaani programu inayochora madirisha na menyu. Ondoa tiki kwenye GNOME iliyo nzito, weka kwenye Xfce au LXQt zilizo nyepesi. Uzito mwingi uko hapo. Kerneli, kiini cha mfumo na kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ni ileile kwa sote. Kinachokula RAM yako ni vile vinavyochora madirisha juu yake. Ukiona Debian inakutisha, yapo matoleo mengine ya Linux: Lubuntu inatumia LXQt na Linux Mint ina toleo la Xfce.

Halafu weka zram. Hii hutenga sehemu ya RAM na kuhifadhi humo data iliyobanwa, ili RAM inapojaa mashine isikimbilie kuandika kwenye eMMC, ambayo ni ya polepole na huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Kwenye Debian sakinisha zram-tools, fungua faili la /etc/default/zramswap, andika ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha uwashe upya. Kwangu hiyo ndiyo iliyoniwezesha kufungua LibreOffice na kivinjari kwa pamoja bila kielekezi kukwama.

Kivinjari nacho ukidhibiti, kwa sababu hakuna mfumo endeshi utakaokuokoa na vichupo (kurasa zilizo wazi) thelathini. Kwenye Firefox andika about:unloads pale juu penye anwani, utapata kitufe cha kuviondoa vichupo kwenye kumbukumbu bila kuvifunga. Mimi nakitumia kila siku.

Ndugu zangu, tumezoeshwa kuona aibu kwa vitu vyetu vizima. Programu zinanenepa kila mwaka, halafu lawama anabebeshwa mwenye mashine ndogo. Tukatae. Kuna watu wamekesha miaka na miaka wakiandika programu huria, wakazitoa bure, msimbo wake wazi kwa yeyote, na sisi tunapeleka jalalani mashine ambazo zingefanya kazi vizuri kwa programu hizohizo. Jifunze. Uliza. Soma. Usimwachie mtu mwingine akuamulie kwamba ulichonacho hakifai, hata awe fundi.

Kwako msomaji uliyeniandikia: anza na toleo la Debian linalojiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kipadi cha mguso, kisha funga kifuniko ukifungue uone kama inaamka. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, faili za usakinishaji zinakuja na programu tete (firmware, zinazoendesha vifaa vya ndani) zisizo huria ambazo kadi nyingi za Wi-Fi huzihitaji, kwa hiyo una nafasi nzuri. Sauti kwenye mashine za Bay Trail ndiyo huwa korofi, basi ijaribu mapema. Nakili mafaili yako yote pembeni. Na kisakinishi kikikuuliza diski, ya kwako itaandikwa jina linaloanza na mmcblk, mara nyingi mmcblk0. Ukiona sda, huenda ikawa ni flashi yako, usiiguse.