Umeme Ukikatika: Maswali Yenu na Majibu

Chakula kwenye friji hudumu saa ngapi umeme ukikatika?

Saa 4 hivi, mlango usipofunguliwa. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24, maana vitu vilivyoganda hupoozana. Kwa hiyo jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji, ila usizijaze hadi mdomoni kwani barafu hutanuka. Nyama, maziwa na chakula kilichopikwa vikizidi nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, tupa. Usionje ili kupima. Vijidudu vingi vyenye madhara havibadilishi ladha wala harufu.

Inveta yangu ina betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Itanifikisha wapi?

12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya asidi itumie nusu tu, kwani ukizoea kuimaliza itakufa mapema. Zinabaki 600, inveta yenyewe ikila asilimia 15, unabaki na 510. Balbu 4 za LED za wati 9, ruta ya wati 10 na televisheni ya wati 60 ni wati 106: karibu saa 5. Friji usiihesabu kwa wati za kwenye kibandiko, kwa sababu mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo na inveta ndogo hujizima. Pasi na birika, sahau kabisa.

Naweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani iwashe nyumba nzima?

Kamwe! Umeme huo hurudi kwenye laini, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaweza kufa. Fundi umeme mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini jenereta inapowaka. Kabla ya hapo tumia eksitensheni kuunganisha vifaa moja kwa moja na jenereta. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango. Baraza si nje, wala gereji iliyofunguliwa mlango. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu: kichwa kikianza kuuma au ukihisi kizunguzungu, toka kwanza.

Mshumaa au tochi?

Tochi.

Kwa nini friji huungua umeme unaporudi?

Volti huyumba unaporudi. Tena ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa, yaani pampu ya gesi ya friji, hulazimika kuanza kabla shinikizo la gesi halijasawazika. Hukwama, na koili za mota yake huchemka. Chomoa plagi mara umeme unapokatika, acha swichi ya balbu moja ikiwa imewashwa ikujulishe, kisha subiri dakika 5 ndipo uchomeke.